Je, Shahidi Asiyesema Uongo Husema Kweli?

Katika mahakama nyingi za Afrika Mashariki, shahidi huapishwa kabla hajafungua kinywa kueleza lolote. Mwislamu huapa kwa Msahafu, Mkristo kwa Biblia, na asiyetaka kuapa kwa dini huthibitisha kwa maneno yake kwamba atasema kweli tupu. Kiapo ni kitu kizito, na watu wengi wenye tabia ya kupiga domo mitaani hubadilika wakasema kwa uangalifu mara wanapoapishwa. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza: kiapo hufunga kitu gani hasa? Hufunga ulimi. Humzuia mtu asitamke lile ambalo moyo wake unajua kuwa si kweli. Lakini kumbukumbu haiapishwi. Kumbukumbu haijui kama iko mahakamani au barazani, wala haiogopi Mungu wala hakimu.

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Walisema kweli, maana mwongo hubeba mizigo miwili kwa pamoja, yaani lile analolijua na lile analolisema, na aghalabu mizigo hiyo humwangusha njiani. Ukimwuliza mara tatu atajikwaa mara ya tatu. Lakini yuko shahidi wa aina nyingine ambaye methali hii haimgusi. Huyu hana la kuficha. Anachosema ndicho anachoamini, na anachoamini ndicho anachokiona akifumba macho. Ulizeni mara mia, atajibu lile lile, tena kwa machozi. Na bado yawezekana kwamba anayemnyoshea kidole si mtu aliyetenda. Njia ya shahidi huyu ni ndefu sana, na huweza kumfikisha gerezani mtu asiye na hatia. Madhumuni ya makala haya ni kuuliza: je, mtu huyu ametenda kosa? Na kama si yeye, basi kosa ni la nani?

Siulizi swali hili kwa kupenda mijadala tu. Nimewahi kuwa shahidi wa namna hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa magharibi, nilikuwa nikipita Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao sisi wapenzi wa Kiswahili tunauita nyumbani hata kama hatulali huko. Taa za barabarani hazikuwaka. Kijana mmoja alinivuta mkoba begani, akanisukuma ukutani, akatokomea kichochoroni. Jambo lenyewe halikuchukua muda mrefu kuliko kuvuta pumzi mbili. Nikapiga ukelele, watu wakatoka, wengine wakakimbia mbele. Baada ya kama dakika kumi wakarudi wakimsukuma kijana mwenye shati jekundu. Mzee mmoja niliyemheshimu akaniuliza: "Mwalimu, si ndiye huyu mwenye shati jekundu aliyekunyang'anya?" Nikamtazama yule kijana. Nikajibu kwa neno moja: "Ndiye."

Kijana akasema, "Wallahi, Mwalimu, si mimi." Sikumsadiki. Vibao vikaanza. Mmoja alikwisha kuokota jiwe wakati fundi cherehani wa mtaa huo alipojipenyeza katikati na kuapa kwamba tangu alasiri kijana yule alikuwa kibarazani kwake akimsaidia kukata nguo, na kwamba alitoka kwa sababu ya kusikia kelele zangu. Maneno ya fundi yalimwokoa. Siku chache baadaye mkoba wangu ukapatikana kwa mtu mwingine kabisa, naye akakiri.

Nilimwendea kijana yule nikamwomba radhi, naye akanisamehe kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Lakini kisa hakikuishia hapo. Hata leo, nikifumba macho na kuirudisha jioni ile, mtu ninayemwona akinivuta mkoba ana sura ya kijana yule yule, na shati lake ni jekundu. Najua kwa akili kwamba si yeye. Kumbukumbu yangu haitaki kujua. Hapo ndipo nilipoanza kusoma yale ambayo wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, wameyaandika juu ya mashahidi.

Jambo la kwanza wanalotufundisha ni kwamba kumbukumbu si picha iliyowekwa sandukuni ikingoja kutolewa. Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alionyesha kwamba mtu akikumbuka hujenga upya, akitumia vipande alivyonavyo na kuziba matundu kwa yale anayoyaona kuwa ya kawaida. Bartlett hakudharau kumbukumbu. Alisimulia pia habari ya mchungaji mmoja wa Swaziland, nchi iitwayo leo Eswatini, aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa na bwana wake mwaka mmoja nyuma, rangi zao, na bei zao, akakosea mambo mawili madogo tu. Msomaji wa Burundi hatashangaa. Tunawajua wazee wetu wanaoweza kutaja ukoo wa ng'ombe kama wengine watajavyo ukoo wa wafalme. Kumbukumbu hushika sana lile ambalo moyo umelipenda na jicho limezoea kulipima. Mchungaji alikuwa na mwaka mzima wa kuwatazama ng'ombe wake. Mimi nilikuwa na pumzi mbili, gizani, nikiwa na hofu.

Jambo la pili linatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko watu wengine wote. Mwaka 1974, Wamarekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yaliyogongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walikadiria, kwa wastani, karibu maili 41 kwa saa, yaani kilometa 66. Walioulizwa kasi ya magari hayo hayo "yalipogusana" walikadiria karibu maili 32, yaani kilometa 51. Katika jaribio lao la pili, wanafunzi waliitwa tena baada ya juma moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Lakini miongoni mwa wanafunzi 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Miongoni mwa 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana, ni 7 tu. Kitenzi kimoja kilikuwa kimevunja vioo ndani ya vichwa vya watu.

Mwaka uliofuata, Loftus na mwenzake Guido Zanni walijaribu jambo dogo zaidi. Walibadilisha neno moja fupi la Kiingereza, lile linalodokeza kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana tayari. Walioulizwa kwa neno hilo kuhusu taa iliyovunjika, ambayo haikuwako, walikubali kuiona kiasi cha mara mbili ya wale walioulizwa bila ya neno hilo.

Huenda mtu akasema kwamba Kiswahili hakina neno la namna hiyo, kwa hiyo sisi tumesalimika. Hatukusalimika hata kidogo. Tazama maswali haya matatu ambayo polisi anaweza kumwuliza shahidi:

"Uliona panga?"
"Uliliona panga?"
"Uliliona lile panga alilokuwa nalo?"

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema kwamba maswali haya yana maana moja. Mwalimu anajua zaidi. Swali la kwanza halidai chochote. Panga huenda lilikuwako, huenda halikuwako. Katika swali la pili, silabi ya "li" imetokea mara mbili: ya kwanza ni ya wakati uliopita, na ya pili ni kiambishi cha yambwa, ambacho kwa vitu visivyo na uhai hudokeza kwamba kitu hicho kimekwisha kutajwa au kinajulikana na wote wawili. Swali la tatu limeongeza kionyeshi "lile" na kirejeshi "alilokuwa nalo", na sasa panga halina njia ya kutokuwako. Shahidi anaulizwa tu kama macho yake yalifika pale. Akijibu ndiyo, ni nani aliyelileta panga? Si yeye. Limeletwa na sarufi ya muulizaji.

Na mzee wangu wa Buyenzi, ambaye hakuwa na nia mbaya yoyote, alinifanyia vivyo hivyo. "Si ndiye huyu mwenye shati jekundu aliyekunyang'anya?" Neno "si" lilitaka niitikie. Neno "ndiye" ndilo neno zito kuliko yote tuliyo nayo ya kutambulisha mtu. Shati lilikuwa limetajwa kabla sijalitaja mimi. Nilichofanya ni kuazima sentensi yake nzima na kuiweka katika kumbukumbu yangu, kisha nikaapa kwamba ilikuwa yangu tangu mwanzo.

Isidhaniwe kwamba mambo haya yalikuwa mageni kabisa kwa mahakama zetu mpaka wataalamu wa ng'ambo walipokuja kuyavumbua. Mwaka 1936, katika shauri la Mwango mwana wa Manaa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya wakati ule iliweka kanuni za gwaride la utambulisho ambazo mahakama za nchi hizi zimezirejea kwa miongo mingi. Mshukiwa asimamishwe pamoja na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kadiri iwezekanavyo kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe mahali pa kusimama, na abadilishe mahali baada ya kila shahidi akitaka. Na shahidi aambiwe kwamba katika watu atakaowaona, mshukiwa huenda yumo na huenda hayumo. Asiambiwe kamwe "chagua mtu".

Miaka 45 baadaye, mwaka 1981, Wamarekani Roy Malpass na Patricia Devine walilifanyia jaribio jambo hilo hilo. Walitengeneza kisa cha uharibifu mbele ya wanafunzi, kisha wakawaita watambue mhalifu katika safu ya watu ambamo yeye hakuwamo. Walioelezwa kwa namna ya kuwafanya waamini kwamba mhalifu yumo, 78 katika kila 100 walimchagua mtu asiye na hatia. Walioambiwa waziwazi kwamba huenda hayumo, waliokosea walikuwa 33 katika kila 100. Basi sentensi moja iliyoandikwa na majaji wa Afrika Mashariki mwaka 1936 ilikuwa na uwezo wa kuokoa watu kwa wingi namna hiyo. Lakini angalia pia kwamba hata kwa sentensi hiyo, theluthi moja bado walikosea.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema waziwazi zaidi katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980. Ilitamka kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu na usiotegemeka, na kwamba mahakama isimtie mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka iwe imeondoa uwezekano wote wa makosa. Ikaagiza mambo ya kupimwa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alikuwa amepata kumwona kabla ya hapo? Nikijipima kwa mizani hiyo, nashindwa katika kila swali: pumzi mbili, giza, mtu nisiyemjua. Umbali peke yake ndio ulionifaa, nao ulifaa nini, ikiwa uso wangu ulikuwa umeelekezwa ukutani?

Wapo watakaosema: lakini shahidi akiwa na hakika, je? Hapa utafiti unatufundisha jambo la kupima kwa makini. Hakika ambayo shahidi anaieleza mara ya kwanza kabisa, katika gwaride lililoendeshwa kwa haki, ina thamani. Anayesita siku ile mara nyingi anasita kwa sababu nzuri. Lakini hakika ya baadaye, ile inayosikika mahakamani baada ya miezi mingi, inaweza kuwa imelishwa. Mwaka 1998, Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha kwamba ukimwambia shahidi aliyekosea maneno machache tu ya kumsifu, kwamba amemchagua mshukiwa mwenyewe, hakika yake hupanda, na hata huanza kusema kwamba siku ile aliuona uso vizuri na kwa muda wa kutosha. Nami nakumbuka kwamba baada ya kusema "Ndiye," watu walinipiga bega wakinipongeza kwa jicho langu kali. Kila mkono ulioniangukia begani uliongeza mwanga katika kichochoro kile.

Je, mashahidi wengi si dawa ya upungufu wa shahidi mmoja? Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati, ilidai mashahidi wawili au watatu, na sheria ya Kiislamu nayo inadai wawili katika mambo mengi. Hekima hii ni kubwa, lakini inasimama juu ya sharti moja ambalo huwa tunalisahau: kwamba wawili hao wameona kila mmoja kwa macho yake. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2003, Fiona Gabbert na wenzake waliwaonyesha watu wawili wawili filamu ya tukio moja iliyopigwa kutoka pande mbili tofauti, wakawaacha wazungumze. Watu 71 katika kila 100 walieleza baadaye angalau jambo moja ambalo wao hawakuliona, ila walilisikia kwa mwenzao. Basi mashahidi wawili waliokwisha kuzungumza wanaweza kuwa shahidi mmoja mwenye vinywa viwili. Na katika mitaa yetu na milima yetu, ni nani asiyezungumza?

Hapa nataka kutoka kwenye mkoba wangu na kwenda kwenye mambo makubwa zaidi, kwa sababu katika eneo letu la Maziwa Makuu ushahidi haukuhusu mikoba. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi Arusha na kufunga milango yake mwishoni mwa 2015, ilitoa hukumu yake ya kwanza baada ya kusikiliza kesi tarehe 2 Septemba 1998. Mshtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre wa wilaya ya Taba, naye alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Katika hukumu hiyo majaji hawakuruka swali la kumbukumbu. Walisema kwamba wengi wa mashahidi walikuwa wameona au kutendewa unyama usiosemeka, na kwamba tofauti ndogo ndogo katika maelezo yao zisichukuliwe kuwa ni dalili ya uongo.

Tena walimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, awaeleze juu ya Kinyarwanda. Alieleza kwamba katika jamii inayoishi kwa masimulizi ya mdomo, mara nyingi mtu hueleza jambo bila ya kutenga lile aliloliona na lile alilolisikia. Majaji wakalazimika kuuliza kila mara: hili uliliona wewe, au uliambiwa? Na mara kadhaa jambo lililokuwa limeandikwa kama la kuonwa likajulikana kuwa ni la kusikia.

Sisi tunaozungumza Kirundi, ndugu wa Kinyarwanda, tunaelewa vema. Tuna neno dogo "ngo", ambalo likitangulia habari humjulisha msikilizaji kwamba msemaji anapokea kutoka kwa wengine. Kiswahili kina "ati", "yasemekana" na "nasikia". Lakini neno kama "ngo" ni jepesi mno kwa mkalimani mwenye haraka. Huko Arusha maneno yalivuka kutoka Kinyarwanda hadi Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa hadi Kiingereza. Neno hilo likidondoka katika kivuko cha kwanza, uvumi unafika ng'ambo ya pili ukiwa umevaa nguo za jicho. Vivyo hivyo shahidi wetu anayesema "saa mbili usiku" akiandikwa kwa Kifaransa neno kwa neno, tukio limesogea saa sita, na mtu aliyekuwa msikitini akisali Isha anaulizwa alikuwa wapi wakati wa usiku wa manane. Hapo shahidi hakusahau chochote, na bado ushahidi umepotoka.

Sasa nafika kwenye pingamizi zito kuliko zote, nami sitaki kulikwepa. Mtu aweza kuniambia: "Mwalimu, ukieneza mashaka haya, umewapa wauaji ngao. Kila mhalifu atasema kwamba mama aliyefiwa amekosea. Je, watu walioona ndugu zao wakiuawa waambiwe kwamba kumbukumbu zao ni ndoto?"

Hasha. Na mfano utakaonisaidia kujibu unatoka mbali kidogo. Mwaka 1988, mahakama ya Jerusalem ilimhukumu kifo John Demjanjuk, baada ya manusura wa kambi ya Treblinka kusimama mbele yake na kuapa kwamba ndiye yule mlinzi katili waliyemwita Ivan wa Kutisha. Mtaalamu wa saikolojia kutoka Uholanzi, Willem Wagenaar, alionya katika kesi hiyo kwamba namna walivyoonyeshwa picha za mshukiwa haikuwa ya haki. Mwaka 1993 Mahakama Kuu kabisa ya Israel ilimwachilia, kwa kuwa kumbukumbu za Kisovyeti zilionyesha kwamba yamkini Ivan wa Treblinka alikuwa mtu mwingine. Demjanjuk hakuwa malaika. Mwaka 2011 mahakama ya Munich ilimwona na hatia ya kusaidia mauaji katika kambi nyingine, Sobibor, naye akafa mwaka uliofuata kabla rufani yake haijaamuliwa. Lakini angalia jambo hili. Wazee wale wa Treblinka hawakukosea kwamba kambi ilikuwako, kwamba watu waliuawa kwa maelfu, kwamba mlinzi yule katili aliishi. Katika hayo yote walisema kweli, na dunia iliwawia deni kwa kusema. Kilichotiliwa shaka kilikuwa kitu kimoja tu: kwamba uso huu mzee uliopo mbele yao ndio ule uso wa ujana walioujua miaka 45 kabla.

Basi kweli na kosa viliweza kukaa katika kifua kimoja, chini ya kiapo kimoja, bila ya uongo hata chembe. Kutilia shaka utambulisho wa uso si kutilia shaka machozi. Tena anayeshindwa kutenga mambo haya mawili ndiye anayewapa wauaji ngao, kwa maana siku utambulisho mmoja ukionekana kuwa na kosa, adui wa kweli atasema kwamba yote yalikuwa hadithi.

Nikirudi kwenye swali langu la kwanza, nasema hivi. Shahidi aliyesema kwa unyofu na akakosea hana hatia ya uongo. Kiswahili chetu kina hekima ya kutenganisha "kudanganya" na "kukosea", nasi tuilinde hekima hiyo. Lakini unyofu haumwondolei kila wajibu. Ana wajibu wa kusema kiasi cha ujuzi wake: "nilimwona", "nadhani nilimwona", "niliambiwa", "sikumbuki". Haya si maneno ya woga. Ni vipimo, kama kilo na gramu kwa mwenye duka. Siku ile ya Buyenzi sikudanganya, lakini nilikuwa na neno moja la kweli ambalo sikulitumia, nalo ni "sijui". Nililiacha kwa sababu watu walikuwa wakinisubiri, na kwa sababu mwalimu hapendi kusema kwamba hajui. Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri.

Wajibu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwa anayeuliza. Polisi, hakimu, mkalimani, mzee wa mtaa, hata mzazi anayewauliza watoto ni nani aliyevunja chungu, wote wameshika chombo kinachoweza kuandika katika kumbukumbu ya mtu mwingine huku wakidhani kwamba wanasoma tu. Anayeuliza "Eleza ulichoona" anasoma. Anayeuliza "Si ndiye huyu?" anaandika. Wazee wetu Bashingantahe walikuwa na desturi ya kuzisikiliza pande zote mbele ya watu kwanza, kisha kujitenga na kushauriana kabla ya kutamka. Katika desturi hiyo mna subira ambayo umati wa jioni hauna.

Na jambo hili halijapita. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekuwa ikikusanya maelezo juu ya miaka ya damu ya nchi yetu, ukiwamo mwaka 1972. Aliyekuwa na miaka 15 wakati huo sasa ni mzee. Amekaa na kumbukumbu zake zaidi ya miaka 50, amezisimulia kwa minong'ono, amesikia za wenzake, na pengine za wengi zimeingia katika zake. Anastahili kusikilizwa kwa heshima yote. Na sehemu ya heshima hiyo ni kumwuliza kwa maneno yasiyomwekea jibu kinywani, kumpa nafasi ya kusema "ngo", na kuandika "ngo" hiyo inapotamkwa.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuendeshi mahakama. Lakini katika madarasa yetu wanakaa polisi wa kesho, makarani wa kesho, wakalimani na mahakimu wa kesho. Tunapowafundisha kiambishi cha yambwa, kionyeshi na kirejeshi, tusiwaambie tu kwamba hayo yatatoka katika mtihani. Tuwaonyeshe maswali yale matatu ya panga. Tuwape zoezi la kuuliza juu ya tukio bila ya kudokeza jibu, na zoezi la kueleza tukio huku wakitenga la jicho na la sikio. Mwanafunzi akijibu "sijui" kwa ukweli, tusimcheke.

Kijana yule wa Buyenzi sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Tukikutana hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitikia. Kila mara, kabla sijamwona vizuri, kumbukumbu yangu humvika shati jekundu.